Chuo Kikuu cha Minnesota na Sisi Tunaokilipia
Hotuba ya Kamati ya Elimu katika sherehe ya Uhuru, 9 Desemba



Kamati ya Elimu tumepewa dakika 20. Tunajua kwamba tumesimama kati yenu na pilau, na tunajua nani alipika, kwa hiyo hatutathubutu kuzidisha.

Tungeweza kuzungumza habari za kuleta alama nzuri na kumheshimu mwalimu. Hayo mliyasikia mwaka jana na mwaka juzi. Mwaka huu tuna jambo la kuamua. Mwezi Oktoba tulipata barua kutoka kwa watafiti wa chuo kikuu cha umma. Wanataka kuchunguza shinikizo la damu na kisukari katika familia zilizotoka Afrika Mashariki, na wanaomba jumuiya yetu iwafungulie mlango. Watapima presha, watachukua damu kidogo, watauliza maswali ya chakula, usingizi na kazi za usiku. Kamati tulikaa jioni mbili tukabishana. Mama mmoja, ambaye hamtamsikia akisema ovyo, alituambia: "Waliwahi kuja wengine miaka ile. Walitupima, wakaandika majina yetu, wakatupa kadi ya dukani ya dola chache, wakaondoka. Mpaka leo sijui waliona nini ndani ya damu yangu." Hakukuwa na mtu wa kumjibu, maana ni kweli. Waliokuja walikuwa wa taasisi nyingine, na hatuna haja ya kuitaja. Lakini kwa mtu aliyetoa damu yake, taasisi zote zina koti jeupe lile lile.

Ndiyo maana tumeona, kabla hamjapiga kura Januari, tuwaeleze tulichojifunza kuhusu chuo kikuu cha jimbo hili: kinafanya utafiti gani, nani amefaidika, na nani ameumia.

Tuanze na umri wake. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzishwa mwaka 1851. Minnesota yenyewe ikawa jimbo mwaka 1858. Maana yake chuo kilitangulia jimbo kwa miaka 7. Jambo hili lisitushangaze sana, kwa sababu kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wachache. Bendera yetu ilikuwa haijapanda. Ilipanda mwezi mmoja na nusu baadaye, tarehe ya leo. Waliotutangulia waliona kwamba nchi ikipata uhuru bila watu wake waliosoma, itaazima vichwa vya wengine.

Fedha za chuo cha hapa zilitoka wapi? Mwaka 1862 Rais Lincoln alitia saini sheria iliyoyapa majimbo ardhi ili yaiuze na kujenga vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi, vyuo vya watoto wa wakulima na mafundi. Wazo zuri. Lakini ardhi iliyopewa Minnesota, zaidi ya ekari 94,000, ilikuwa ya Wadakota. Ilichukuliwa kwao kwa mikataba ya mwaka 1851, na mwaka ule ule wa 1862 ikatokea vita, na baadaye wakafukuzwa katika nchi yao. Sisi tuliotoka katika nchi iliyotawaliwa na Mjerumani kisha Mwingereza hatuwezi kuliruka jambo hili haraka. Tumelisema mwanzoni ili mtu asidhani tumekuja kukifanyia chuo matangazo.

Sasa tuje kwenye mambo mnayoyagusa kila siku, na tuanze na tunda. Watoto, lile tofaa mnaloliita Honeycrisp, linalopasuka mdomoni kama miwa, lilizaliwa na chuo hiki. Walilichavusha mwaka 1960, wakalitoa kwa wakulima mwaka 1991. Katikati hapo ni miaka 31. Kuna wakati ule mti ulikwisha kuandikiwa kutupwa, kwa sababu ulionekana umeumizwa na baridi, mtafiti mmoja akaamua kuuangalia tena. Mnajua baridi ya hapa. Zamani watu walidhani tofaa la maana haliwezi kuota Minnesota, na wakulima walikuwa wakipanda na kuona miti ikifa, wanapanda tena, inakufa. Hakuna kampuni ambayo ingevumilia miaka 31 ikingoja tunda. Jimbo lilivumilia. Leo wakulima wa matofaa wa hapa wanaishi kwa tunda hilo, na mrabaha wake ulirudi chuoni kulipia utafiti wa matunda mengine. Mwaka 2006 likatangazwa kuwa tunda rasmi la jimbo, na waliokwenda kuwaomba wabunge walikuwa watoto wa darasa la nne wa shule moja ya Bayport. Darasa la nne! Ninyi wa nyuma kule, mmesikia?

La pili ni moyo. Tarehe 2 Septemba 1952, katika hospitali ya chuo hiki, madaktari walifungua moyo wa msichana wa miaka 5, wakaziba tundu lililokuwa ndani yake, akapona. Upasuaji wa namna hiyo, wa kuufungua moyo na kuona ndani, ulikuwa haujafaulu mahali popote. Walimpoza mwili mpaka damu ikatulia, wakapata dakika chache za kufanya kazi. Miaka 5 baadaye, Oktoba 1957, umeme ulikatika mjini. Wakati huo mashine za kuongoza mapigo ya moyo zilichomekwa ukutani, na wagonjwa waliokuwa wakizitegemea ni watoto. Sisi tuliokulia kwenye mgao wa umeme tunaelewa hofu ile bila kufasiriwa. Daktari Lillehei akamwita fundi wa vifaa vya hospitali, Earl Bakken, aliyekuwa amesomea uhandisi wa umeme chuoni hapo hapo na alikuwa na kikampuni chake kwenye gereji. Kwa wiki chache Bakken akatengeneza kifaa kidogo cha kutumia betri, kwa kufuata mchoro wa saketi ya metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo ya muziki, aliouona kwenye jarida la mafundi. Ile gereji ndiyo ikawa Medtronic.

Dada zetu na kaka zetu mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee, mnaoamka saa kumi alfajiri kwenda kuwaogesha na kuwavalisha: kile kiuvimbe mnachokiona chini ya mfupa wa bega la mzee kilianzia maili chache kutoka hapa tulipokaa. Viwanda vya vifaa vya tiba vilivyoizunguka miji hii miwili ni matunda ya kazi ile, na wapo kati yetu waliobeba boksi humo mpaka wakawa wasimamizi. Hatuwataji, wao wenyewe wanajijua.

La tatu hatukulikusudia kulisema kwa urefu, lakini tulipolisoma tulinyamaza mezani. Wakubwa mnaikumbuka miaka ya tisini nyumbani. Tulikuwa tunazika. Jumamosi msiba, Jumatano msiba, na katika nyumba nyingine ilibaki bibi na wajukuu tu. Wakati ule, hapa Minneapolis, mtaalamu wa kemia za dawa aitwaye Robert Vince na wenzake wa chuo hiki walikuwa wakiunda dawa za kuzuia virusi. Kazi yao ndiyo iliyozaa abakaviri, iliyoruhusiwa Marekani mwezi Desemba 1998. Baadaye ikawa mojawapo ya dawa muhimu kwa watoto wenye VVU, na watoto wa kwetu wameinywa na wakakua. Wengine wana watoto wao sasa. Chuo kilipata kwa dawa hiyo mrabaha wa zaidi ya dola milioni 600, na fedha hizo zikajenga kituo cha kutafuta dawa nyingine na kusomesha wanafunzi.

Lakini hesabuni miaka. Dawa ilikuwepo hapa mwaka 1998. Nyumbani, dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure hospitalini mwaka 2004. Katikati ya tarehe hizo mbili wapo ndugu zetu, na kila mmoja wenu ana jina moyoni. Hatusemi mtaalamu yule alikosea. Yeye alifanya kazi yake, na kazi yake imeokoa watu. Tunasema kwamba utafiti ukitoka maabara unapita njia ndefu yenye bei na hataza na mikataba, na aliye maskini husimama mwisho wa foleni. Mtu akituambia utafiti wa chuo hunufaisha watu wote, tumwulize: lini, na kwa bei gani?

La nne ni ngano. Mwaka 1933 kijana wa shamba kutoka Iowa, Norman Borlaug, alikuja kufanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Minnesota. Akafeli. Tunarudia kwa ajili ya wale waliolia mwezi uliopita kwa sababu ya matokeo: akafeli. Wakamweka katika kitivo cha wale waliohitaji kujaribiwa kwanza, akapanda polepole, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1942, katika elimu ya magonjwa ya mimea. Ugonjwa uliomvuta ni kutu ya shina la ngano. Baadaye, akiwa Meksiko, akazalisha ngano fupi zenye kuzaa sana na kuikataa kutu, ambazo ziliziinua India na Pakistani. Mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hadithi haikuishia hapo, na mwisho wake ni kwetu. Mwaka 1998 huko Uganda, shambani Kalengyere, walionekana na kutu mpya iliyokuwa inaila ngano ambayo dunia ilidhani haishikiki. Wakaiita Ug99. Ikaingia Kenya, Ethiopia, ikavuka bahari mpaka Yemeni na Irani, na Tanzania pia ilifika. Borlaug alikuwa na miaka 91 alipokwenda kupiga kelele kwamba dunia imelala. Tangu hapo maelfu ya aina za ngano za nchi mbalimbali hupandwa Njoro, Kenya, ili zionwe zipi zitasimama mbele ya kutu hiyo, na vimelea vyake vimepimwa katika maabara ya serikali iliyomo ndani ya uwanja wa chuo hiki, St. Paul. Na mnajua wanapima lini? Majira ya baridi. Kama chembe moja ikitoroka nje ya jengo, haitakuta ngano hai, itakuta theluji. Sisi tunaoilaani Januari ya Minnesota tangu siku ya kwanza, tumegundua kwamba ina kazi yake: inalinda chapati.

Ukitazama safari hiyo, huoni tena nani mtoaji na nani mpokeaji. Ugonjwa umeonwa na Mganda, unapimwa shambani na Wakenya, unachunguzwa na watu wa St. Paul, na mbegu inayopatikana inamwokoa mkulima wa Hanang na mkulima wa Dakota Kaskazini.

Yapo mengine tunayapita haraka. Kaskazini mwa jimbo, madini ya chuma yaliyo bora yalipokuwa yanaelekea kuisha, profesa Edward Davis wa chuo hiki alitumia miongo kadhaa kutafuta namna ya kutoa chuma katika mwamba mgumu uitwao takonaiti. Alifaulu, na miji mizima ikapona. Lakini makapi ya mwamba ule yalimwagwa Ziwa Superior kwa miaka mingi mpaka mwaka 1980, na baadaye wachimbaji wakaonekana wanapata saratani ya utando wa mapafu kuliko watu wengine. Mwaka 2008 bunge la jimbo likatenga fedha ili chuo hicho hicho kichunguze vumbi. Hilo tumelipenda: chuo cha umma kikulazimike kurudi kutazama kilichotokana na mkono wake, kwa sababu wanaouliza ndio wanaolipa.

Na tulisema tutataja walioumia. Katika maziwa ya huku kuna mpunga unaojiotea majini. Waanishinaabe wanauita manoomin, na kwao ni chakula na ni ibada. Wanasema ndio uliowaonyesha nchi ya kukaa. Watafiti wa chuo waliuchukua, wakauboresha ulimwe mashambani kama mpunga wa Mbarali, na wakaanza kuchunguza vinasaba vyake. Mwaka 1998 viongozi wa Waanishinaabe walikiandikia chuo kukipinga. Hawakuwa wakiikataa elimu. Walisema: hiki ni chetu, kwa nini mnakifungua ndani bila kutuuliza? Ugomvi ule umechukua miaka mingi, na mazungumzo yao yametufundisha sisi wageni jinsi ya kuzungumza.

Msije mkadhani mambo haya yako Marekani tu. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kimekuwa makao ya mradi wa kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya waliofundishwa Morogoro walisaidia kuisafisha Msumbiji, ambayo mwaka 2015 ilitangazwa haina tena mabomu hayo yaliyojulikana. Mmoja aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na milipuko zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu huko Uingereza. Wenzake wananusa makohozi ya wagonjwa Dar es Salaam na kuwabaini wenye kifua kikuu ambao darubini ilikuwa imewaruka. Watoto, mkiulizwa shuleni nchi yenu imeipa dunia nini, msijibu Mlima Kilimanjaro. Mlima tuliukuta. Jibuni panya.

Sasa turudi kwenye barua. Kamati tunapendekeza tukubali, na tutawaambia kwa nini. Katika takwimu nyingi za afya za huku tunawekwa katika kapu moja, "Weusi", pamoja na watu ambao chakula chao, kazi zao na historia yao si yetu. Humo ndani tunapotea. Hatujui kama mama zetu wanaofanya kazi usiku miaka 15 wanaugua zaidi au kidogo kuliko dada zao waliobaki Moshi na Tanga. Tunajua tu kwamba katika miaka mitatu tumechangishana mara 4 kusafirisha miili ya watu ambao hawakufika 60, na katika misiba yote minne neno tulilosikia ni presha. Tukisubiri mtu atuhesabu kwa hiari yake, tutasubiri tukiendelea kuchangishana.

Lakini tunapendekeza tukubali kwa masharti, na tumekwisha kuwaandikia. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili tunachosema sisi, si kile cha mashine ya kutafsiri. Tuliwahi kuona fomu iliyoandika "kuchora damu". Majibu ya kila mtu aletewe mwenyewe, na mwenye presha ya hatari aambiwe siku hiyo hiyo. Matokeo ya wote yaletwe hapa ukumbini, yasemwe mbele yetu, kabla au mara tu baada ya kuchapishwa. Wawili kati ya watakaofanya kazi hiyo wawe vijana wetu, kwa mshahara. Na damu isitumiwe kwa utafiti mwingine bila kurudi kuuliza. Hilo la mwisho tumejifunza kwa wenye manoomin. Watafiti wamekubali manne bila tatizo. La damu wamesema watalipeleka kwa bodi yao ya maadili na kutujibu kabla ya mkutano. Wasipojibu, kamati tutabadilisha pendekezo letu, na tutasimama hapa hapa kuwaambia.

Wazazi, tuna mambo mawili madogo ya kumalizia. Tangu mwaka wa masomo ulioanza majira ya kupukutika 2024, jimbo lina mpango uitwao North Star Promise: familia ambayo mapato yake kwenye fomu ya kodi hayafiki dola 80,000, mtoto wake akiwa mkazi wa Minnesota anaweza kusoma shahada ya kwanza katika chuo cha umma bila kulipa ada ya masomo. Lazima fomu ijazwe kila mwaka. Mwaka jana familia kadhaa hapa zilikosa kwa sababu karatasi ilikaa juu ya friji.

Na wenye bustani za mchicha, matembele na nyanya chungu: chuo kina maabara ya kupima udongo pale St. Paul, na kina maafisa ugani, ndiyo, mabwana shamba na mabibi shamba, wanaopokea simu. Tulipeleka udongo wa bustani yetu ya pamoja mwaka huu kwa hela ndogo, tukaambiwa tumekuwa tukirundika mbolea bure. Kumbe mchicha ulikuwa unadumaa kwa kiu tu.

Mkutano wa kura ni Jumamosi ya tatu ya Januari, saa nane mchana, ukumbi huu huu. Barua ya watafiti na masharti yetu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, viko kwenye meza ya mlangoni, karibu na sufuria ya pilau. Chukueni nakala moja kila nyumba, na yule mama tuliyemtaja mwanzoni amekubali kukaa pale mezani kujibu maswali, ingawa yeye mwenyewe bado hajaamua atapiga kura gani.